Maua ya kuvuka baridi: kuchagua mimea ya machipuko na mawaridi kwa bustani ya Minnesota

Kila ifikapo mwezi wa tano simu zinaanza, na swali ni lilelile. Mtu amenunua waridi dukani, kalipanda mbele ya nyumba, likachanua vizuri mpaka mwezi wa tisa. Theluji ilipoyeyuka akakuta vijiti vyeusi. Sasa anauliza kama alimwagilia vibaya, au alikosea mbolea. Mara nyingi kumwagilia kulikuwa sawa na mbolea ilikuwa sawa. Kosa lilifanyika siku ya kununua.

Kwetu tunachagua ua kwa rangi na harufu, kisha tunaangalia mvua. Hata wakulima wa Nyandarua, wanaoijua sakitu inayounguza viazi alfajiri, hawajaona ardhi ikiganda kama jiwe kwa miezi minne. Hapa Minnesota, na kwa ndugu zetu walio Manitoba au Maine pia, unachagua mmea kwa usiku wake mmoja mbaya kuliko yote. Rangi inakuja baadaye. Ukilishika hilo, mengine yote hapa chini ni kazi ya mikono tu.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Msimbo wa posta wa nyumba yako
- Sepeto imara, mkasi wa kupogolea, na glavu za ngozi ndefu (za kitambaa hazizuii miiba ya waridi)
- Mboji, toroli moja kwa kuanzia
- Matandazo: vipande vya mbao, au majani makavu uliyoyakusanya mwenyewe
- Waya wa matundu madogo kwa ajili ya sungura
- Vibao vya majina na penseli. Wino wa kalamu hufutika juani, penseli hudumu.
- Ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi, kama umepanga

Kama unaweza, peleka pia udongo kidogo kupimwa. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara inayowapimia watu wa kawaida udongo wa bustani kwa ada. Mawaridi hupenda udongo wenye pH kati ya 6 na 7. Ukijua namba yako mapema, hutanunua mbolea usiyoihitaji.

Hatua ya 1: Jua ukanda wako wa baridi

Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani inayogawa nchi katika kanda 13 kwa wastani wa usiku wa baridi zaidi wa kila mwaka. Toleo la sasa ni la 2023, limetokana na hali ya hewa ya 1991 hadi 2020. Ingiza msimbo wako wa posta kwenye ramani hiyo, utapata namba. Kanada nayo ina ramani yake.

Namba ndogo ndiyo baridi kali. Wengi wanakosea hapa, wanadhani 5 ni kali kuliko 3.

- Ukanda wa 3: nyuzi -40 hadi -34 za Selsiasi
- Ukanda wa 4: -34 hadi -29
- Ukanda wa 5: -29 hadi -23

Sehemu kubwa ya Minnesota iko kanda za 3 na 4. Ramani mpya imezisogeza sehemu kubwa za Minneapolis na Saint Paul hadi ukanda wa 5, na watu wamefurahi. Mimi nawaomba wasubiri kidogo. Namba hiyo ni wastani. Alfajiri ya 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi -33, na hiyo ni baridi ya ukanda wa 4 kabisa. Mmea wa ukanda wa 5 unaweza kuishi miaka mitano hapa, kisha usiku mmoja wa namna ile ukauchukua.

Basi kanuni yangu ni hii: nunua mmea wa ukanda mmoja wa baridi zaidi kuliko wako. Ukiwa ukanda wa 5, nunua wa 4. Ukiwa ukanda wa 4, nunua wa 3. Na kama unataka kuuacha mmea nje kwenye chungu wakati wa baridi, shuka kanda mbili, kwa sababu chungu hakina ardhi ya kuihifadhi mizizi.

Hatua ya 2: Fuata jua, ukikumbuka miti haijavaa

Mawaridi yanataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Ukipima mwezi wa nne utadanganyika, kwa kuwa miti haina majani na bustani yote inang'aa. Mwezi wa sita miti hiyohiyo imejaa, na waridi lako liko gizani. Angalia mara mbili: mwezi wa nne na mwezi wa sita. Kama umehamia karibuni, jaribu kukadiria kivuli kitaangukia wapi miti ikifunga.

Kivuli hicho kina faida yake. Maua mengi ya machipuko huamka, huchanua na kumaliza kazi kabla miti haijafunga, kwa hiyo chini ya miti ni mahali pao pazuri.

Kagua pia maji ya theluji yanatuama wapi. Mizizi iliyokaa kwenye maji ya barafu huoza, na mmea unaovumilia nyuzi -40 hautavumilia hilo. Na angalia upande wa barabara, mahali panaporushwa chumvi wakati wa barafu. Nitaparudia.

Hatua ya 3: Piga 811 kabla ya kuchimba

Piga siku kadhaa kabla. Watakuja kuweka alama mahali mabomba ya gesi na nyaya za umeme zinapopita. Huduma hii ni ya Marekani nzima na mwenye nyumba halipi kitu.

Hatua ya 4: Chagua mimea ya kudumu ya machipuko

Mmea wa kudumu hufa juu wakati wa baridi, mizizi hulala, na machipuko huota tena wenyewe. Dukani utaona mamia. Kwa mtu anayeanza, mimi naanzia hapa. Nimeandika majina ya Kilatini kwa sababu ndiyo yasiyobadilika kwenye lebo.

*Pulsatilla.* Huyu ndiye wa kwanza kuamka, mwezi wa nne, wakati mwingine theluji ikiwa bado pembeni. Ua la zambarau lenye manyoya laini kama kifaranga. Ndugu yake wa porini ndilo ua rasmi la Manitoba na South Dakota, kwa hiyo baridi si mgeni kwake. Anataka jua na udongo usiotuamisha maji. Mzizi wake huzama sana, basi chagua mahali mara moja na usimhamishe.

*Phlox subulata.* Hutambaa kama zulia, na mwezi wa tano hufunikwa na maua hata majani yasionekane. Ukanda wa 3, jua kali, ukingoni mwa njia au kwenye mteremko.

*Brunnera macrophylla.* Ya kivulini. Maua madogo ya buluu, majani mapana yanayobaki mazuri kiangazi chote. Kulungu huipita tu. Ukanda wa 3.

*Aquilegia canadensis.* Mzaliwa wa huku, mwekundu na njano, kichwa kimeinama. Unawavuta ndege wadogo wanaopepea hewani wakinyonya asali, ukiwaona utawakumbuka chozi wa kwetu. Hujipanda wenyewe kwa mbegu; mwaka wa pili utakuwa na miche ya kumgawia jirani.

*Dicentra*, ambayo siku hizi lebo nyingine huiandika *Lamprocapnos*. Maua ya rangi ya waridi yenye umbo la moyo, yamening'inia kwenye utawi kama shanga. Ukanda wa 3, kivuli chepesi. Tahadhari: ifikapo mwezi wa saba mmea huu unaweza kukauka na kutoweka kabisa. Haujafa, umelala. Wa kwangu wa kwanza niliudhania umekufa nikachimba palepale kupanda kitu kingine, sepeto likakata mizizi vipande viwili. Ndiyo sababu nasema weka kibao cha jina.

*Pioni, Paeonia.* Hapa nitakaa kidogo, maana huu ni mmea unaoweza kukuzidi umri. Ukanda wa 3, na baridi ndiyo inayoufanya uchanue; kwetu pwani hauwezekani kabisa. 'Sarah Bernhardt' ni aina ya zamani, ya rangi ya waridi laini, inayopatikana kila mahali. Pioni hupandwa vizuri zaidi mwezi wa tisa, ikiwa mizizi mitupu, yaani bila chungu wala udongo. Utaona macho mekundu juu ya mzizi, kama macho ya kiazi. Macho hayo yasifunikwe kwa udongo zaidi ya sentimita 5. Ukiyazamisha zaidi, utapata majani mazuri miaka kumi bila ua hata moja. Na uwe na subira: mwaka wa kwanza na wa pili ni wa mizizi, maua ya maana huja mwaka wa tatu.

*Irisi yenye ndevu.* Mzizi wake ni kama tangawizi, na mgongo wa tangawizi hiyo unatakiwa kuota jua, nusu nje ya udongo. Anayeufukia anauozesha.

Kuna na maua ya matunguu: tulipu, narsisi, krokasi. Haya hununuliwa na kupandwa mwezi wa tisa na wa kumi ili yachanue machipuko yanayofuata. Yanahitaji kulala kwenye baridi ndipo yachanue. Kulungu na sungura hula tulipu kama mchicha. Narsisi hawaigusi kwa sababu ina sumu, na hapo nina neno la uzito: tunguu la narsisi linafanana sana na kitunguu cha kupikia. Usiliweke jikoni hata kwa siku moja, hasa kama mnaishi na wazee au watoto.

Hatua ya 5: Chagua waridi

Waridi tunalolijua wengi, lenye kikonyo kirefu na ua moja kichwani, lile linalopakiwa Naivasha kwenda Ulaya, ni la jamii ambayo lebo huiita Hybrid Tea. Ni zuri. Lakini karibu yote ya jamii hiyo hufa huku yasipofukiwa. Kuna watu wa Minnesota wanaoyafukia kweli: katikati ya mwezi wa kumi wanayafunga kamba, wanachimba mfereji, wanaulaza mmea mzima ndani na kuufunika udongo na majani mpaka mwezi wa nne. Nawaheshimu. Kwa anayeanza, siishauri kazi hiyo.

Yako mawaridi yaliyozalishwa makusudi kwa nchi za baridi. Wizara ya Kilimo ya Kanada ilitoa jamii mbili kubwa, Explorer na Parkland, na kwenye chuo kikuu cha jimbo la Iowa Griffith Buck naye alifanya kazi hiyohiyo. Nayachagua haya:

- 'William Baffin' na 'John Cabot' (Explorer): ya kupanda ukutani au kwenye uzio, hufika mita mbili na nusu hadi tatu. Ukanda wa 3.
- 'Morden Blush' na 'Winnipeg Parks' (Parkland): mafupi, hayafiki mita moja. La kwanza ni la rangi ya waridi hafifu, la pili limekoza. Ukanda wa 3. Yanafaa kiwanja kidogo.
- 'Thérèse Bugnet' (Alberta, 1950): lina harufu, miiba michache, na matawi mekundu yanayopendeza juu ya theluji. Ukanda wa 3.
- 'Carefree Beauty' (Buck, 1977): la rangi ya waridi, huchanua kwa mikupuo hadi mapukutiko. Ukanda wa 4.
- 'Hansa' (1905): la jamii ya rugosa, ukanda wa 3.

Ukiniuliza moja tu, nitakwambia 'Hansa'. Ua lake ni zambarau yenye wekundu, limejaa petali, na harufu yake ni ya waridi iliyochanganyika na karafuu. Mtu wa Unguja au Pemba akilinusa atasimama. Petali zake zinafaa kwenye kikuba kama hujapulizia dawa, ingawa asumini itabidi uilee ndani ya nyumba. Linavumilia hata chumvi ya barabarani, basi pale nilipokwambia nitaparudia, ndipo pake. Miiba yake ni mingi. Usilipande kando ya mlango wanapocheza watoto. Na huenea kwa machipukizi ya mizizi, liachie nafasi ya mita moja na nusu. Walio pwani ya New England wawe waangalifu: rugosa huko imekuwa mmea vamizi kwenye fukwe, afadhali wachague la Parkland.

Hatua ya 6: Nunua kwa kusoma lebo

Mambo matatu. Kwanza, namba ya ukanda. Isipoandikwa, rudisha chini.

Pili, tafuta maneno *own root*, yaani waridi limesimama juu ya mizizi yake lenyewe. Mengine yamebebeshwa, kama tunavyobebesha miembe: juu waridi zuri, chini mizizi ya waridi lingine. Baridi ikiua sehemu ya juu, mizizi inachipua ua lake yenyewe. Waridi langu la kwanza lilikuwa la njano. Baada ya baridi mbili likaota kwa nguvu za ajabu, nikashukuru, nikalipalilia mwaka mzima. Lilipochanua, maua yalikuwa rangi ya damu ya mzee. Lile la njano lilikwisha kufa zamani. Nilikuwa nalea 'Dr. Huey', waridi linalotumika sana Marekani kama mizizi ya kubebeshea. Waridi la mizizi yake, hata likifa mpaka usawa wa ardhi, litakalorudi ni lilelile ulilolinunua.

Tatu, usinunue ua, nunua mmea. Lile lililochanua dukani mapema mwezi wa tano limelelewa ndani ya nyumba ya joto na bado halijaonja usiku wa nje. Tafuta mashina matatu au zaidi yenye afya, majani yasiyo na madoa.

Hatua ya 7: Panda

1. Subiri katikati ya mwezi wa tano kwa mimea ya chunguni, kwa maeneo ya Minneapolis. Kaskazini zaidi subiri mwisho wa mwezi. Waridi la mizizi mitupu linaweza kutangulia mwishoni mwa mwezi wa nne, likiloweshwa kwanza mizizi yake kwenye ndoo kwa saa kadhaa.
2. Mmea wa chunguni uzoeshe: siku saba nje kivulini, uongeze jua kidogo kidogo.
3. Chimba shimo pana mara mbili ya chungu. Changanya mboji na udongo uliotoa. Usitie mbolea ya chumvichumvi shimoni.
4. Waridi la kubebeshwa, fundo la kubebeshea lizame sentimita 5 hadi 10 chini ya udongo. La mizizi yake nalo lizamishe sentimita chache. Mimea mingine ya kudumu ikae kina kilekile ilichokuwa nacho chunguni.
5. Mwagilia mpaka maji yatuame, yanywewe, kisha mwagilia tena.
6. Tandaza matandazo, yasiguse shina.
7. Weka kibao.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza

Sentimita 2.5 za maji kwa wiki, ukijumlisha mvua. Weka kopo tupu bustanini upime. Mwagilia chini kwenye mizizi asubuhi. Majani ya waridi yakilala na maji yanaota madoa meusi. Mbolea mwisho wake ni mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mtu akiendelea kulisha mpaka mwezi wa tisa, mmea unatoa matawi mateke, na hayo ndiyo yanayokufa kwanza. Mwezi wa tisa acha pia kukata maua yaliyonyauka. Waridi likitunga mbegu linajua wakati wa kulala umefika.

Hatua ya 9: Lilaze

Subiri ardhi igande, kwa kawaida mwezi wa kumi na moja, ndipo uweke majani makavu sentimita 15 hadi 20 kuzunguka mimea. Wengi wanafunika mapema kwa huruma, na wanawakaribisha panya. Lengo la kufunika si kuupasha mmea joto. Ni kuizuia ardhi isigande na kuyeyuka mara kwa mara, maana mzunguko huo huisukuma mizizi juu mpaka ikaonekana nje. Theluji yenyewe ni blanketi nzuri kuliko zote. Iliyo safi, isiyo na chumvi, irushie bustanini.

Zungushia mawaridi waya wa kimo cha mita moja. Sungura husimama juu ya theluji na kutafuna matawi usiyodhani atayafikia.

Hatua ya 10: Lifunue

Mwezi wa nne, ondoa majani kidogo kidogo kwa wiki mbili. Usipogoe waridi mpaka macho yavimbe. Kisha kata kuanzia juu: kiini kikiwa cha kahawia, shuka, kikiwa cheupe au kijani, umefika.

Mambo yakienda kombo

*Matawi yote ni meusi mwezi wa tano.* Kata mpaka karibu na ardhi, mwagilia, subiri.

*Pioni haichanui.* Fukua taratibu uangalie kina cha macho. Kama yamezama, ihamishe mwezi wa tisa. Kama kina ni sawa, haipati jua la kutosha, au bado ni changa.

*Siafu wamejaa kwenye matumba ya pioni.* Ni sisimizi tu, wanafuata utamu. Waache.

*Majani ya waridi yametobolewa kama chekeche, mwezi wa saba.* Ni mbawakawa wa Kijapani, wenye mgongo wa rangi ya shaba. Waokote asubuhi wakiwa wazito, watupe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Rugosa usizipulizie dawa. Majani yake huungua.

*Utabiri unasema sakitu na mimea imeshachipua.* Maua ya machipuko yamezoea. Waridi changa lifunike shuka kuukuu jioni, uliondoe asubuhi. Usitumie nailoni, inaunguza panapogusa jani.

*Mwezi wa sita unakaribia kwisha na waridi halijatoa hata chipukizi moja.* Kwaruza shina kwa kucha karibu na ardhi. Ukikuta kijani, lipe wiki mbili. Ukikuta kahawia, ling'oe, ongeza mboji shimoni, na nenda kitaluni ukiwa na namba ya ukanda wako mfukoni.